Bahari inayojaza visima vya Dodoma

*Maji ya bomba ya makao makuu ya nchi yanatoka chini ya ardhi ya Makutupora. Yanayoingia humo yanategemea joto la Bahari ya Hindi, na bahari hiyo haiko tena kama ilivyokuwa.*

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KWA UFUPI

- Kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora zinaonyesha kuwa hifadhi ya maji hujazwa na misimu michache tu ya mvua kubwa.
- Misimu hiyo huenda pamoja na El Nino na kupanda kwa joto upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi.
- Joto hilohilo huua matumbawe pwani, hung'oa reli na huleta maradhi ya mifugo bara.
- Mvua inayojaza kisima cha mjini mara nyingi ndiyo inayobomoa shamba la kijijini.

Mwezi Oktoba, Mto Kinyasungwe Ndogo ni njia ya mchanga. Wafugaji huchimba visima vya mchangani kwa majembe, wakateka maji kidogokidogo na kuyamimina horini huku ng'ombe wakisubiri zamu. Punda hupita na madumu. Malori nayo hufuata mchanga wa makorongo, maana jiji linajengwa na mchanga una soko.

Mgeni akisimama hapo saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, itamwia vigumu kuamini kwamba bonde hilo ndilo linalonywesha jiji. Hapo ni Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, upande wa barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha. Pampu za Mzakwe huvuta maji kutoka visima virefu, na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA) huyasukuma hadi kwenye matenki na mabomba ya mjini.

Maji hayo hayakuingia ardhini mwaka jana wala juzi peke yake. Mengi yaliingia katika misimu michache ya mvua kubwa, tena misimu iliyopishana kwa miaka. Chanzo cha mvua hizo kiko mbali na Ugogo, nchi hii ya Wagogo: ni bahari iliyo umbali wa takribani kilomita 450 kwa barabara, ambayo wakazi wengi wa nyanda hizi za kati hawajawahi kuiona.

Ndiyo maana mabadiliko yanayoikumba Bahari ya Hindi ni habari ya Dodoma kama yalivyo habari ya Mafia, Pemba na Lindi.

Kumbukumbu za miaka 55

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua. Msimu huo, uitwao kifuku, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Kwa wastani hunyesha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ilhali jua na upepo wa huku vinaweza kukausha takribani milimita 2,000 katika muda huohuo. Mvua ya kawaida hulowesha udongo, ikanywewa na mimea, na iliyobaki ikarudi angani kabla ya kuzama chini sana.

Hapo ndipo linapozuka swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu: kama kila mwaka jua linashinda mvua, visima vya Makutupora vinajazwa na nini?

Jibu lilikuwa limelala katika daftari. Tangu miaka ya 1950, watumishi wa maji walikuwa wakipima kina cha maji katika visima vya bonde hilo na kukiandika, wakoloni wakiondoka, serikali zikibadilika na wizara zikibadilishwa majina. Wataalamu wa maji wa Tanzania, akiwamo Lister Kongola, walishirikiana na watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Richard Taylor wa chuo cha UCL cha London, wakakusanya kumbukumbu hizo zikawa mfululizo mmoja wa miaka 55. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change.

Mfululizo huo ulionyesha jambo ambalo wastani wa mvua ulikuwa umelificha. Kwa miaka mingi mfululizo kina cha maji hushuka, hata mvua zikinyesha. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, na maji yanapanda ghafla. Baada ya hapo kushuka kunaanza tena. Mara chache tu katika kila muongo ndipo hifadhi hiyo hupata maji mapya ya maana.

Msimu uliotia fora katika kumbukumbu zote ni ule wa 1997 na 1998, wa mvua za El Nino ambazo watu wazima wa Dodoma wanazikumbuka hadi leo.

> Kwa miaka mingi kina cha maji hushuka, hata mvua zikinyesha. Kisha unakuja msimu mmoja, na maji yanapanda ghafla.

Mzee wa Kigogo aliyezoea mavuno ya kubahatisha angelielewa hili upesi. Kaya hujaza kihenge mwaka wa neema, kisha hula mtama huo kwa mpango katika miaka ya ukame, ikijua kwamba mwaka mwingine wa neema hauna tarehe. Makutupora ni kihenge cha jiji zima.

Joto linapohamia upande wa Afrika

Kwa kawaida maji yenye joto kali ya Bahari ya Hindi hukusanyika mashariki, karibu na Indonesia. Katika miaka fulani pepo hubadilika, maji hayo ya moto yakasukumwa kuelekea Afrika. Bahari iliyo mbele ya Mombasa, Tanga na Mafia hupata joto, mvuke mwingi hupanda, mawingu hujengeka na mvua hubebwa hadi bara. Wakati huo bahari ya Sumatra hupoa na Australia hukauka.

Wanasayansi huiita hali hiyo dipoli ya Bahari ya Hindi, na waliieleza kwa mara ya kwanza kwa jina hilo mwaka 1999. Hali yenyewe ni ya zamani zaidi. Ilikuwapo mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, mwaka ambao mafuriko yalienea Afrika Mashariki na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Ikarudi mwaka 1997 ikiwa pamoja na El Nino, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki, na tena mwaka 2006. Ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kupimwa: Australia iliteketea kwa moto wa misitu, huku kwetu mito ikifurika, na Mei 2020 Ziwa Victoria likavunja rekodi ya kina iliyokuwa imedumu tangu 1964. Mwaka 2023 bahari zote mbili zikaungana tena.

Upande wa pili wa hali hiyo ni ukame. Joto likibaki mashariki, mvua huadimika kwetu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, pale Mto Ruvu ulipopungua kiasi cha Dar es Salaam kuingia kwenye mgawo mkali wa maji.

Kilicho kipya ni kwamba bahari yenyewe inapashwa moto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazozalisha duniani linamezwa na bahari. Utafiti wa Mathew Koll Roxy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, pamekuwa pakipata joto kwa zaidi ya karne moja na kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote ya bahari za tropiki. Kati ya 1901 na 2012, joto la uso wa bahari hapo katika miezi ya Juni hadi Septemba lilipanda kwa nyuzi 1.2 za Selsiasi.

Hewa yenye joto nayo hubeba mvuke mwingi zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Mwaka huohuo wa 2014, jopo lililoongozwa na Wenju Cai wa Australia lilikadiria kwamba, uchafuzi ukiendelea, dipoli kali ambazo katika karne ya 20 zilitokea mara moja kila miaka 17 hivi zitatokea karibu kila miaka sita katika karne hii.

Kwa jiji ambalo kihenge chake hujazwa na miaka ya namna hiyo, makadirio hayo yanaweza kusomwa kama bishara njema. Ila gharama yake lazima nayo ihesabiwe.

Mwaka uleule, matumbawe yalikufa

Miezi ileile ya 1998 ambayo visima vya Makutupora vilipanda, bahari ya Mafia na Pemba ilikuwa ikichemka kwa kipimo cha viumbe vyake.

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mwani mdogo sana unaowalisha. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, wanyama hao hutapika mwani huo na kubaki weupe. Joto lisiposhuka mapema, wanakufa kwa njaa. Katika tukio la 1998, takribani asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yaliangamia, na magharibi mwa Bahari ya Hindi ni kati ya sehemu zilizoumia vibaya zaidi. Miamba ya Tutia kule Mafia na Misali kule Pemba ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai.

Mwamba ukifa, samaki wachanga hukosa maficho, na mvuvi wa ngalawa hukosa kitoweo. Mambo hayakuishia 1998. Roxy na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba viumbe vidogo vya mimea vinavyolisha samaki wa upande wetu wa bahari vimepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita. Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba matumbawe ya dunia yameingia katika tukio la nne la kubabuka kwa pamoja. Wakulima wa mwani wa Unguja nao wameona aina ya mwani yenye thamani kubwa ikikataa kustawi katika maji ya moto ya ufukweni.

Kwa hiyo maji ya akiba ya Dodoma na vifo vya matumbawe vilitoka katika joto moja. Mkazi wa bara hawezi kuyatazama maafa ya pwani kama jambo la wavuvi peke yao, kwa sababu bahari iliyowanyang'anya wao samaki ndiyo iliyompa yeye maji.

Bara nako hakukusalimika

Hata juu ya nyanda za kati, misimu hiyo haikuleta neema tupu.

Mto Kinyasungwe, ambao Kinyasungwe Ndogo ni mkono wake, hupita Gulwe wilayani Mpwapwa sambamba na Reli ya Kati, ukashuka Kilosa na mwisho kuingia Mto Wami unaomwaga maji baharini Saadani. Mvua kubwa za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya mto huo ung'oe reli kati ya Gulwe na Kilosa. Treni zilisimama kwa miezi, na maelfu ya watu wa Kilosa walihama makazi yao. Mafuriko yamekuwa yakirudi katika kipande hichohicho kwa sababu mto umejaa mchanga na tope kutoka milima na mashamba ya juu.

Kisha kuna maradhi. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes yanaweza kukaa miaka katika udongo mkavu wa mbuga na madimbwi, yakingoja mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2006 ziliyaangua, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka. Nchini Tanzania watu zaidi ya 100 walikufa mwaka 2007, na Mkoa wa Dodoma ulikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikoa mingine. Ng'ombe na mbuzi walitupa mimba, minada ikafifia na watu wakaogopa nyama.

Tukio hilo liliacha somo la matumaini. Wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na uoto kwa setilaiti waliweza kutoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika wiki mbili hadi sita kabla ya mlipuko. Bahari huanza kuonyesha dalili mapema, kwa anayeitazama.

Msimu wa 2023 na 2024 ulikuwa mzito zaidi kwa maisha ya watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imetahadharisha juu ya El Nino kabla ya mvua kuanza. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara, kaskazini tu mwa nyanda hizi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge jijini Dodoma kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, kimbunga Hidaya kilipiga pwani upande wa Mafia.

> Kisima kinataka mvua nyingi kwa mkupuo. Shamba linataka mvua ya kiasi, kila wiki.

Neema kwa nani?

Hapa ndipo hoja zinapogongana.

Upande mmoja wako watafiti wa maji ya ardhini. Walipolinganisha kumbukumbu za Makutupora na makadirio ya tabianchi ya karne hii, waliona kwamba miezi ya mvua kali inatarajiwa kuongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko wastani wa mvua wenyewe. Kwa kuwa miezi hiyo ndiyo inayojaza hifadhi, maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa tegemeo la uhakika kuliko mabwawa na unyevu wa udongo. Wao wenyewe waliongeza tahadhari kwamba mwenendo wa El Nino ya kesho bado haujulikani vizuri.

Upande wa pili yuko mkulima. Mtama, uwele, karanga na alizeti havinufaiki na mvua ya mwezi mzima iliyoshuka kwa siku tatu. Mbegu husombwa, mbolea ya samadi huenda na maji, na wiki mbili za jua zinazofuata hukausha kilichosalia. Yeye hapimi mwaka kwa jumla ya milimita; anaupima kwa mpangilio wake. Mwaka ambao mtaalamu wa visima anaufurahia unaweza kuwa mwaka wa njaa kwa watu wa wilaya za Chamwino au Bahi.

Njaa huku si jambo la kusimuliwa tu. Njaa ya Mtunya, iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, ilitokana na mvua kukataa wakati ambapo majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalikuwa yameshachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Iliua maelfu. Ilifundisha kwamba ukame huwa maafa makubwa pale watu wanapokuwa wamenyang'anywa akiba.

Upande wa tatu ni jiji lenyewe. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini kasi ya kweli ilianza mwaka 2016 Serikali ilipohama kwa vitendo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika miaka kumi jiji limekaribia kuongezeka maradufu, huku likitegemea zaidi bonde lilelile. Mgawo wa maji na matenki ya plastiki juu ya nyumba ni sehemu ya maisha ya mitaa mingi.

Bwawa, bomba au bonde

Serikali imeweka matumaini makubwa katika Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, litakalozuia maji ya Mto Bubu. Ni mradi uliozungumzwa kwa miongo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika imeingia kuufadhili. Pia kuna mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Dodoma.

Wanaotetea miradi hiyo wana hoja nzito. Makao makuu ya nchi hayawezi kuishi kwa kutegemea hifadhi moja ya chini ya ardhi, hasa ikiwa inajazwa kwa bahati ya miaka. Chanzo cha pili ni lazima.

Wanaohoji nao hawakosi ushahidi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, limekuwa likijaa tope kutoka mashamba na malisho ya juu yake. Bwawa lolote la nyanda hizi hupoteza maji mengi kwa jua, wakati maji yaliyo ardhini hayaguswi na jua hilo. Ukame uliposhusha bwawa la kuzalisha umeme la Mtera mwaka 2006, nchi nzima iliona giza la mgawo wa umeme.

Jambo linalosahaulika katikati ya mjadala huo ni kwamba Makutupora si pampu na visima tu. Ni mfumo hai. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Tanzania, akiwamo Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji huingia ardhini kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, Kinyasungwe Ndogo ikiwamo. Muda ambao mto unaendelea kutiririka una uzito mkubwa. Mafuriko ya saa sita yanayopita kwa hasira huacha uharibifu na maji kidogo chini. Mto unaotiririka kwa wiki kadhaa huacha akiba.

Kwa hiyo kila lori la mchanga, kila kiwanja kinachopimwa kwenye njia ya maji na kila kilima kinachonyolewa miti ni suala la maji ya bomba. Jiji linapanuka kuelekea upande huohuo wa kaskazini, ambako pia unajengwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuta naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma, ikihusishwa na maji machafu ya makazi. Makazi yakisogea juu ya hifadhi bila mfumo wa majitaka, Makutupora haitakuwa na kinga.

Kulilinda bonde maana yake ni kumwambia mtu asilime, asichunge au asijenge. Mtu huyo ana watoto wa kulisha, na mara nyingi alikuwapo kabla jiji halijawa jiji. Amri peke yake haitamshawishi, wala haimtendei haki.

Walichokwisha kukijaribu watu wa Kondoa na Mpwapwa

Nyanda za kati zina uzoefu wake. Mwaka 1973, mwaka uleule wa uamuzi wa makao makuu, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO. Ardhi ya Kondoa Irangi ilikuwa imekatwakatwa na makorongo yenye kina cha kutisha. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Miti na majani vilirudi, na miteremko iliyokuwa myekundu ikafunikwa kijani. Lakini wafugaji walilipa gharama kubwa, kwa sababu uamuzi ulitoka juu na mbadala ulichelewa.

Miaka ya karibuni njia ya upole zaidi imeenea. Taasisi ya LEAD Foundation yenye makao Mpwapwa, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikifundisha wakulima mbinu ya Kisiki Hai. Mkulima hapandi mche mpya. Anatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado inaishi, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki. Mti unaotoka kwenye mizizi ya zamani hustahimili kiangazi ambacho kingeua mche wa kitalu. Wilayani Kongwa, vijiji vimechimba makinga maji ya nusu duara yanayoshika mvua inapokimbia juu ya ardhi ngumu, majani yakaota ndani yake.

Kazi hiyo kwa kawaida hutajwa kama ya mazingira na malisho. Ukiitazama pamoja na utafiti wa 2021, ni kazi ya maji ya mjini pia. Mteremko wenye miti na makinga maji haumwagi mvua yote kwa saa moja. Huichelewesha, na mto unaocheleweshwa hutiririka siku nyingi zaidi juu ya mchanga unaojaza visima. Njia hiyohiyo humbakizia mkulima udongo wake na kupunguza tope linalokwenda Gulwe, Kilosa na hatimaye kwenye mikoko ya pwani.

> Mteremko wenye miti haumwagi mvua yote kwa saa moja. Huichelewesha, na mto unaocheleweshwa huacha akiba.

Deni la jiji

Hapa ndipo msimamo wa makala haya ulipo. Jiji la Dodoma hunywa maji ya mvua ambazo huumiza watu walio juu ya mto. Ni haki basi kwamba sehemu ya fedha inayokusanywa kwenye bili za maji mjini irudi kwenye miteremko inayolisha Kinyasungwe Ndogo, kuelekea vilima vya Chenene. Imlipe mkulima anayetunza visiki, kijiji kinachochimba makinga maji, na mfugaji anayekubali kupumzisha malisho. Asiyeruhusiwa kujenga kwenye eneo la hifadhi apewe kiwanja kingine chenye thamani, mapema, kabla hajachimba msingi.

Vitanda vya mchanga vya bonde hilo vilindwe kama mtambo wa maji unavyolindwa. Mchanga wa ujenzi uchukuliwe kwingine, kwa leseni na usimamizi. Ramani za upanuzi wa jiji zionyeshe waziwazi mahali maji yanapoingia ardhini, na hapo pasipimwe viwanja.

Upimaji wa kina cha visima uendelee bila kukatika. Watumishi walioandika namba zile kwa miaka 55 hawakujua zingekuja kuifundisha dunia. Kuziacha zikatike leo, wakati jiji linazihitaji kuliko wakati wowote, itakuwa hasara isiyofidika.

Tahadhari za TMA nazo zitumike kwa mambo mengi kuliko mafuriko pekee. Bahari inapoonyesha dalili mwezi Agosti au Septemba, kuna muda wa kuchanja mifugo dhidi ya homa ya Bonde la Ufa, kuhamisha kaya zilizo kwenye makorongo, kuzibua makaravati na kuwashauri wakulima waingie msimu na mbegu zinazofaa. Watafiti wa mtama na uwele wapo Hombolo; ushauri wao ufike shambani kabla ya kifuku, si katikati yake.

Hakuna lolote kati ya haya litakalopoza Bahari ya Hindi. Hilo linahitaji nchi zilizochafua anga kwa karne mbili zipunguze moshi wao na kulipa madhara, na Tanzania ina haki ya kulidai katika kila mkutano. Lakini msimu mwingine wa mfano wa 1997 hautangoja mikutano imalizike. Ukija, kila mpango wa maji wa Dodoma utapimwa kwa swali moja: katika mvua hizo, ni kiasi gani tuliweza kukizamisha ardhini, na ni mashamba, nyumba na maisha mangapi tuliyaokoa njiani? Wizara ya Maji, Bunge, Halmashauri ya Jiji na DUWASA zote ziko Dodoma. Wanaopaswa kulijibu wanakunywa maji ya bonde hilo kila siku.